Leonce Anaingoja London

Anselma Polius alikuwa anakamua muhogo, na hasira zake zote alizimalizia kwenye kitambaa cha kukamulia. Alikisokota, akakisokota tena, mpaka maji meupe yakaacha kudondoka. Mumewe Teo alikuwa anachochea kuni chini ya bamba la chuma. Jumamosi ni siku ya mkate wa muhogo. Magari ya kwenda Soufrière huanza kusimama pale mlimani kwao kabla jua halijawa kali, na mteja wa mkate hana subira.

Kaka yake mkubwa, Leonce, alikuwa amekaa. Kikombe cha chai ya kakao kilikuwa mkononi, redio ndogo sikioni.

"Kaka Leonce," Anselma alisema, "leo utatia sahihi au hutii?"

"Tia nazi kwanza kwenye huo unga. Mkate wa wiki iliyopita ulikuwa mkavu kama kisigino."

"Nimekuuliza habari ya sahihi."

"Na mimi nimekujibu habari ya mkate."

Teo aliinamia moto ili asionekane anacheka. Anselma alimwona.

"Cheka tu, Teo. Wakiiuza ardhi yetu utachekea wapi? Kwa mama yako?"

Teo akaongeza kuni. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha.

Ardhi ile ilikuwa ya babu yao, Mathurin Polius. Aliinunua kwa jasho la Panama, alikokwenda kuchimba mfereji akiwa kijana. Alikufa bila kuandika wosia. Kwa hiyo ardhi ikabaki ya familia, kama zilivyo ardhi nyingi za Saint Lucia. Ni ya watoto wote na wajukuu wote, waliopo na waliohama. Unajenga, unalima, unazikwa. Kuuza, huuzi. Mtoto wa mlima ule hulijua hilo kabla hajajua sala ya Baba Yetu.

Basi binamu yao Eustace, aliyeishi Brooklyn tangu ujana, akauza fungu lake kwa kampuni ya hoteli. Hakumwambia mtu. Kampuni ikaenda kortini, ikasema: "Nasi sasa ni warithi. Tunataka fungu letu. Lakini ardhi hii ni ya mteremko, haigawanyiki. Iuzwe yote kwa mnada, kila mtu apewe pesa yake."

Korti Kuu ilikubali. Familia ikakata rufaa. Korti ya Rufaa nayo ikakubali. Ilibaki ngazi moja tu ya mwisho. Kesi ilikuwa inaendeshwa kwa jina la Leonce, kwa niaba ya warithi wote, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Bila sahihi yake, hakuna hatua.

Na Leonce alikuwa hatii sahihi. Alikuwa anaingoja London.

Gari dogo la bluu lilisimama. Alishuka wakili wao, Verlinda Hippolyte, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kwao ni mlima wa pili kutoka pale. Kila Jumamosi alipokuwa anakwenda kumtazama mama yake, alipita kununua mkate.

"Mbili za nazi, moja tupu," alisema. Kisha akamgeukia Leonce. "Mzee Leonce, za asubuhi? Umeamua?"

"Niliamua zamani. Nataka kesi iende London. Kwenye Baraza la Faragha la Mfalme. Kesi zetu za mwisho zimekwenda huko tangu enzi za babu."

"Mzee wangu, nimekwambia mara ngapi? Njia ya London imefungwa. Mwaka jana bunge letu lilibadilisha katiba. Sasa ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Haki ya Karibi. Makao yake ni Trinidad. Kesi zilizokuwa zimekwisha kuanza safari ya London ziliachwa zimalizie huko. Yenu ilikuwa bado iko hapa hapa."

"Hiyo ni siasa."

"Ni sheria!"

"Imepitishwa na nani? Si na wale?" Leonce alielekeza kidole barabarani, kwenye nguzo ya umeme iliyopakwa rangi ya chama asichokipenda. "Hao wakiniambia leo ni Jumamosi, mimi nakwenda kuangalia kalenda."

Anselma alibwaga kitambaa kwenye beseni. "Lakini leo ni Jumamosi, Leonce! Ni Jumamosi hata kama wamesema wao!"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni."

"Mgeni gani? Verlinda nimembadilisha nepi huyu!"

Verlinda alikubali kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Akavuta gogo, akakaa karibu na Leonce.

"Haya. Tuweke siasa pembeni. Niambie, kwa nini unataka London?"

Leonce alizima redio. Swali la heshima alilijibu kwa heshima.

"Kwa sababu jaji wa London hana binamu hapa. Hanywi ramu na waziri. Hamjui mwenye hoteli. Hapa visiwani wote tunajuana. Ukimkanyaga mtu Castries, shangazi yake analia Vieux Fort. Jaji wa kwetu atanihukumuje mimi?"

"Hilo ni neno la maana," Verlinda alisema. "Wengi wanalisema. Nitakujibu. Lakini—"

"Lakini nina mkate nje na watu wanasubiri," Leonce alisema, akasimama kwenda kupokea pesa za wateja, kazi ambayo hakuwa ameifanya mwezi mzima.

Anselma alimtazama akienda. "Umemwona? Ni kama kumpigia mbuzi gitaa."

"Mbuzi angalau anatikisa masikio," alisema Verlinda. "Sikiliza, dada Anselma. Korti inatoa wiki chache tu za kuomba rufaa. Zikipita, zimepita. Na mpaka tuombe, hakuna kinachowazuia kuuza."

*

Jumanne walikuja watu watatu kwa gari la kampuni. Mmoja alikuwa mpima ardhi. Wa pili alibeba vigingi vyenye utepe mwekundu. Wa tatu, kijana wa viatu vya kumetameta, alikuwa anapiga picha. Alipiga picha ya nyumba, ya mteremko, na ya bahari iliyoonekana kwa mbali. Kisha akampiga picha Teo, ambaye alikuwa anamenya muhogo.

"We!" Anselma alipiga kelele. "Mume wangu naye mnamnadi?"

"Samahani, mama. Ni za tangazo la mnada."

Leonce alitoka ndani, shati halijafungwa vifungo. Alisimama mbele yao kama jogoo.

"Ondokeni hapa. Hamruhusiwi kugusa kitu. Kesi iko London!"

Kijana aliangalia simu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile alichoambiwa ofisini.

"Mzee, kesi haiko London. Wala haiko Trinidad. Hakuna aliyepeleka kitu. Kesi yenu haiko popote."

Kisha wakaendelea kupima. Kigingi kimoja walikipiga hatua chache kutoka kwenye bamba la kuokea mkate.

Anselma hakulia. Machozi yalikataa kwa sababu ya hasira. Alimgeukia kaka yake.

"Umesikia? Haiko popote! Wiki tatu mimi nadhani umekalia jambo, kumbe umekalia kiti!"

"Sherma anashughulikia," Leonce alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nilimtuma kwa wakili wa London."

Sherma alikuwa binti yake Leonce, muuguzi Birmingham.

"Mpigie."

"Sasa hivi yuko kazini."

"Mpigie, Leonce, kabla sijaking'oa hicho kigingi nikakupiga nacho."

Alipiga. Anselma alimnyang'anya simu, akaweka sauti kubwa, akaiweka juu ya beseni la unga ili wote wasikie.

"Baba? Shikamoo. Nilitaka kukupigia nikimaliza zamu."

"Marahaba, mwanangu. Vipi yule wakili?"

"Baba, nilikwenda. Nilikaa pale kwenye kochi lao la ngozi. Yule bwana alinisikiliza kwa adabu kabisa. Halafu akaniuliza ninatoka kisiwa gani. Nikamwambia. Akasema, 'Binti, kisiwa chenu hakiji tena kwetu. Mna korti yenu huko, na ni korti nzuri. Mwambie baba yako aende nyumbani.'"

"Aende nyumbani?" Leonce alisema. "Niko nyumbani!"

"Ndiyo alivyosema, baba."

"Mwingereza amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na akaniambia hata zamani, kwenda huko kuligharimu watu mpaka wakauza kile walichokuwa wanakipigania. Baba, upo?"

Leonce alikuwepo. Teo ndiye aliyejibu.

"Yupo, Sherma. Anaangalia kalenda."

Leonce hakumkaripia. Hapo ndipo Anselma alipojua kwamba jambo limemwingia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wazee, na nyoka alikuwa uani, na utepe mwekundu shingoni.

*

Kesho yake walipanda basi la Castries, mji mkuu. Leonce alivaa suti ya mazishi. Njiani alisema: "Nitamuuliza maswali. Sitii sahihi kama mjinga."

"Uliza mpaka koo likauke," Anselma alisema. "Lakini mwisho wake utie."

Ofisi ya Verlinda ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Feni ilipiga kelele kuliko upepo. Leonce alikaa, akaweka kofia magotini.

"Swali la kwanza," alisema. "Hao majaji wa Trinidad, nani anawachagua?"

"Siyo waziri mkuu wa kisiwa chochote. Kuna tume ya watu kutoka nchi mbalimbali za Karibi. Wanatangaza kazi, watu wanaomba, wanapimwa. Jaji anaweza kutoka Guyana, Belize, Barbados. Anaweza hata kutoka nje ya Karibi. Na hukaa kwenye kiti mpaka umri wa kustaafu. Hafukuzwi kwa sababu ameudhi mkubwa."

"Rais wao je?"

"Rais wa korti huyo, wakuu wa nchi humteua, lakini kwa jina lililoletwa na tume. Sikufichi."

Leonce alikubali kwa kichwa. Alipenda kutofichwa.

"Swali la pili. Nani anawalipa? Maana anayekulipa ndiye bwana wako."

Anselma alishangaa. Lilikuwa swali zuri. Alimtazama kaka yake kama mtu aliyeona ng'ombe anafungua geti.

"Nchi ziliweka pesa nyingi mwanzoni kabisa kwenye mfuko maalumu," Verlinda alisema. "Mfuko una wadhamini wake. Mishahara inatoka humo. Waziri akikasirika leo, hana bomba la kufunga. Na korti hiyo imewahi kuziambia serikali hapana, mchana kweupe."

"Serikali hata ya... wale?"

"Serikali za rangi zote, mzee."

Leonce alikuna kidevu. "Na hao wa London, walikuwa wabaya?"

"Hapana. Mimi si mtu wa kuwatukana. Walikuwa majaji wazuri, na wametoa haki kwa watu wetu wengine. Ila walikuwa mbali, na ngazi zao zilikuwa ndefu. Mwenye pesa alifika. Asiye nayo aliishia uwanja wa ndege. Haki usiyoweza kuifikia utaila na nini?"

"Na Trinidad siyo mbali? Mimi sipandi ndege. Ndege na mimi tulishaachana."

"Hupandi. Hati tunazituma kwa kompyuta hapa hapa. Siku ya kesi majaji wanatuona kwenye skrini, nasi tunawaona. Na kwa kuwa hamna uwezo, naomba ada za korti zisitozwe. Kanuni zao zinaruhusu. Unaeleza hali yako kwa kiapo, wanaipima. Na mara moja tunaomba pia amri ya kusimamisha mnada."

Leonce alitazama kofia yake. "Utashinda?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Anayekuahidi ushindi mkimbie. Ninachokuahidi ni kwamba utasikilizwa. Sasa hivi hata hilo huna."

Feni ilizunguka. Anselma alijibana asiseme kitu, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kukuna muhogo.

Leonce alichukua kalamu. Akatia sahihi polepole, herufi moja moja. Kisha akamwambia dada yake, "Umefurahi?"

"Nitafurahi baadaye. Sasa nimechoka."

*

Amri ya kusimamisha mnada ilikuja kwanza. Vigingi vikabaki pale vilipo, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuuza. Kisha wakasubiri, kama watu wanavyosubiri korti popote duniani. Leonce alilalamika kila siku kwamba London wangekuwa wamemaliza. Anselma aliacha kumjibu. Alimkabidhi muhogo amenye.

Siku ya kusikilizwa walikwenda tena Castries. Walikaa nyuma ya chumba cha korti. Mbele yao kulikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini majaji watano. Leonce aliwachunguza mmoja mmoja, akitafuta sura ya mtu anayemjua. Hakuipata.

Wakili wa kampuni alisimama kwanza. Alisema vizuri, kwa Kiingereza cha kupigwa pasi. Ardhi ni mteremko. Haina mipaka ya ndani. Familia yenyewe haijawahi kuigawa. Kwa hiyo haigawanyiki. Kwa hiyo iuzwe.

"Mwongo," Leonce alinong'ona.

"Nyamaza."

"Haijagawanywa? Mathurin aliigawa vizuri kuliko mpima!"

"Nyamaza, utatutoa nje!"

Mwanamke mmoja kati ya majaji alivua miwani. Alikuwa mzee kidogo, mwenye nywele fupi nyeupe.

"Wakili," alisema, "kwenye kumbukumbu za Korti Kuu kuna ushahidi wa mama mmoja mzee wa familia hii, Odil. Alisema habari za miti. Korti ya chini imeiita hadithi za wazee, ikapita. Hebu nisaidie. Ni miti gani hiyo?"

Wakili wa kampuni alifunua karatasi. "Ni miti ya kawaida, Mheshimiwa. Mshelisheli, mnazi, mstafeli. Haina thamani ya biashara."

"Sikuuliza thamani. Kwa nini ilipandwa?"

Wakili alifunua tena. Alitazama juu. Alitazama chini. "Kwa... matunda, nadhani."

Anselma alihisi Leonce anaanza kuinuka. Alimvuta koti akakaa kwa kishindo.

Zamu ya Verlinda ilipofika, jaji aliuliza swali lile lile. Verlinda hakufunua karatasi yoyote.

"Waheshimiwa, ni miti ya vitovu. Mathurin Polius alipopata mtoto, kitovu kilizikwa na mti ukapandwa juu yake. Mtoto alipokua, alijenga karibu na mti wake na kulima kuuzunguka. Bi Odil aliitaja miti yote na wenyewe wote. Mpima wa kampuni mwenyewe ameichora kwenye ramani kama vinukta, bila kujua anachora nini. Kila tawi la familia lina mti, na kila mti una eneo lake. Familia hii haikuwahi kuandika mgawanyo. Iliupanda."

Majaji waliinama kwenye ramani. Halafu jaji yule wa nywele nyeupe akamgeukia tena wakili wa kampuni.

"Mteja wako alinunua fungu la Eustace. Kwa mujibu wa Bi Odil, Eustace yuko kwenye tawi la mti upi?"

Wakili wa kampuni alianza tena kufunua karatasi.

"Mstafeli," jaji alisema. "Ule wa bondeni, karibu na kijito. Umo kwenye ukurasa wa ushahidi wake. Inaelekea mteja wako angeweza kuonyeshwa fungu lake siku ya kwanza, kama angeuliza."

Leonce alimwinamia dada yake.

"Anajua," alinong'ona. "Anselma, huyu mama anajua miti ya vitovu. Huko kwao nao wanazika."

"Nimesikia."

"Jaji wa London tungemwelezaje? Tungemwambia nini? 'Bwana mkubwa, huu mnazi ni sisi?'"

Mlinzi wa korti aliwakazia macho. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, wote wawili walinyamaza kwa pamoja.

*

Hukumu ilitoka kabla ya Krismasi. Verlinda aliwasomea uani, mkono mmoja ukishika karatasi, mwingine mkate. Korti ilisema kwamba mtu hawezi kulazimishwa kubaki kwenye umiliki wa pamoja milele. Hilo kampuni ilikuwa na haki nalo. Lakini kabla ya kuuza nyumba za watu, ni lazima kwanza kuangalia kwa makini kama ardhi inagawanyika. Na hii inagawanyika, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuigawa kwa namna yao. Mnada umefutwa. Kampuni itapata fungu la Eustace, lile la bondeni penye mstafeli. Waliobaki watabaki.

"Kwa hiyo hoteli itakuwa bondeni?" Teo aliuliza.

"Kwenye matope na mbu," alisema Verlinda. "Wameanza kutafuta mnunuzi."

Teo alicheka mpaka akakaa chini. Anselma hakucheka. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa peke yake dakika chache, akafuta uso kwa aproni. Aliporudi alikuta Leonce anamwambia Verlinda kwamba London wangeamua vivyo hivyo.

"Pengine," alisema Verlinda. "Lakini sikilizeni, kazi haijaisha. Bado kwenye daftari la ardhi mmeandikwa 'warithi wa Mathurin' tu. Kesho Eustace mwingine atatokea. Pimeni kila fungu, liandikwe kwa jina la mwenyewe. Mkitaka isiuzwe nje, andikeni makubaliano kwamba anayeuza aanze na ndugu. Msiiachie miti peke yake kazi ya wakili. Mti ukianguka kwa kimbunga, nani atatoa ushahidi?"

Hilo Leonce hakulibishia. Mwezi wa pili mpima wa kuwapimia wao wenyewe alikuja, na matawi yote ya familia yakasimama kila moja penye mti wake, wengine kwa simu kutoka ng'ambo, wakigombania hatua moja moja ya mpaka. Walipiga kelele siku nzima. Jioni walikuwa wamekubaliana.

Wiki chache baadaye, Anselma alikuwa anapeleka mikate kwenye duka la ramu la chini ya mlima. Alimsikia Leonce kabla hajamwona. Alikuwa kwenye meza ya domino, amesimama, na mshipa wa shingo umemtoka. Mbele yake alikaa rafiki yake Cuthbert Desir, ambaye alikuwa ameshindwa kesi ya barabara ya shamba kwenye Korti ya Rufaa.

"London wamefunga, Cuthbert! Wamefunga! Uende kwa wakili kabla siku hazijaisha!"

Cuthbert alipanga domino zake taratibu. "Hiyo ni siasa, Leonce. Wamekuhonga nini hao?"

"Nimehongwa na nani? Mimi? Nimekwambia kuna tume! Kuna mfuko! Unaonekana kwenye skrini! Bure, kama huna uwezo!"

"Mimi nitasubiri. Kuna mpwa wangu Manchester anashughulikia."

Leonce alishika kichwa kwa mikono miwili. Aligeuka, akamwona dada yake mlangoni na kapu lake.

"Anselma! Msikilize huyu mtu! Kichwa ni jiwe! Mtu kama huyu unamwelezaje mpaka aelewe?"

Anselma aliweka kapu chini. Akavuta kiti, akamsogezea kaka yake nyuma ya magoti.

"Mimi ilinichukua wiki tatu," alisema. "Kaa. Anza upya."